Mlioumia kazini, fidia mliipataje? Tupeane uzoefu

Wakuu habari. Naanza mimi. Mashine ya kukunja bati ilinichukua vidole viwili vya mkono wa kushoto. Foromani alinikimbiza hospitali, akanipa elfu hamsini, akasema nipumzike. Mwezi wa pili mshahara ukakatika. Nilikaa kimya miezi saba nikidhani ndiyo imetoka. Shemeji yangu ndiye aliyenishtua: tangu 2015 Tanzania Bara ina Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, na anayechangia ni mwajiri peke yake, wewe hukatwi hata senti. Taarifa isipotolewa ndani ya miezi 12, haki inapotea. Mimi ilibaki mitano! Nilimwandikia mwajiri barua, nikaipeleka kwa mkono, nakala yangu ikagongwa muhuri. Ulemavu wangu ulipimwa chini ya asilimia 30, nikalipwa kwa mkupuo. Ukizidi hapo ni pensheni ya kila mwezi. Wenzangu je?

*Dada wa stoo, Tanga:* Pole sana kaka. Mimi niliangukiwa na maboksi, mgongo ukaumia. Ofisini wakanihesabia likizo ya ugonjwa: siku 63 mshahara kamili, 63 nusu. Hiyo ni ya ukiugua malaria nyumbani! Kuumia kazini kuna fungu lake, asilimia 70 ya mshahara, hadi miezi 24. Walirekebisha baada ya kwenda kwa afisa kazi.

*Saidia fundi:* Sikuwa na mkataba. Nilipovunjika mguu bosi akasema hanijui. Kilichoniokoa ni meseji za malipo ya kila Jumamosi kwenye simu. Tunzeni meseji, jamani. Halafu kwa Sheria ya Ajira ya 2004, mkataba wa maandishi usipoletwa, mzigo wa kuthibitisha masharti ya kazi unamwangukia mwajiri.

*Mama wawili:* Mume wangu alikatwa mguu. Alipopona wakamwachisha kazi, eti hafai tena. Mkiachishwa, CMA, yaani Tume ya Usuluhishi na Uamuzi wa migogoro ya kazi, mnakwenda ndani ya siku 30. Sisi tulifika siku ya 26, baada ya wiki tatu za kulia ndani.

*Mgeni hapa:* Mdogo wangu ameungua na mvuke Jumanne, bado yuko wodini. Tusubiri atoke?

*Mwanzisha mada:* Hapana, ndugu yangu. Kamwandikieni mwajiri barua leo. Mwajiri akishajua ana siku 7 za kupeleka taarifa WCF. Muulizeni mdogo wako nani walikuwepo, mwandike majina yao sasa hivi.