Mmelikata goli la Tukuyu, mkamkata na aliyelitengeneza. Tunataka video nzima!

Wakuu, heshima kwenu. Mods, naomba uzi huu msiuunganishe na ule wa magoli ya zamani, maana kule ndiko uongo unakoendelea kupikwa.

Naandika nikiwa na hasira. Kuna ukurasa mkubwa wa soka, sitautaja jina, tangu juzi umerusha kipande cha sekunde 14 cha goli lililofungwa Tukuyu mwaka 1997. Wamefuta sauti wakaweka muziki, wamegonga nembo yao katikati ya picha kama muhuri wa machinjioni, na juu wameandika "Bongo miaka ya 80". Watu wanatumiana kwenye magrupu. Hapa Mwanjelwa, Mbeya, kila ninayekutana naye ananipa simu yake: "Umeliona hili goli?"

Nimeliona. Nililiona likifungwa! Nilikuwa na miaka 12, nimechuchumaa nyuma ya goli lile lile, kazi yangu kukimbilia mipira inayotokomea kwenye migomba.

Ilikuwa fainali ya kombe la kata, Jumapili tarehe 30 Novemba 1997, mvua za El Niño zimeshika kasi. Tukuyu hata mwaka wa kawaida mvua yake mnaijua, sasa mwaka ule uwanja uligeuka jaruba. Katikati pale mpira hauviringiki, ukitua unanasa kama umepigiliwa msumari. Kwa hiyo baba yangu mdogo, aliyekuwa kiungo, alipopokea mpira pembeni kushoto hakujaribu kuuburuza. Aliubetua kwa ncha ya kiatu, ukapanda usawa wa kiuno, akaupiga hewani kabla haujarudi kwenye maji. Ukakata uwanja kutoka kushoto kwenda kulia. Winga wetu akauweka kifuani, akampiga beki kanzu, mpira ukampita juu ya kichwa, akazunguka akaufumua kabla haujatua. Nyavu! Nyavu zenyewe zilikuwa za kuvulia samaki kutoka Kyela, na matone zilizokuwa nayo yalinirukia usoni.

Tangu ulipotoka mguuni kwa baba mdogo mpaka ulipoingia, mpira haukugusa chini. Hilo ndilo goli. Ndiyo maana mji mzima umelizungumza miaka yote hii, kwenye pombe, kwenye misiba, kwenye gari za kwenda Mbeya. Waliokuwepo wanaapa, ambao hawakuwepo wanasema tunatia chumvi. Ushahidi hatukuwa nao.

Sasa ushahidi umepatikana, na hawa wameuchinja.

Sikilizeni walichofanya. Mkanda wa zamani picha yake ni 4 kwa 3, imelala. Wao wanataka ijae kwenye simu iliyosimama, 9 kwa 16. Pigeni hesabu wenyewe: ukiikata hivyo unabaki na asilimia 42 tu ya upana. Zaidi ya nusu ya uwanja imetupwa! Kushoto wamemtupa baba mdogo. Hayupo kabisa, hata kiatu chake hakionekani, mpira unashuka tu kutoka juu kama umeangushwa na ndege. Kulia wamemtupa beki wao wa mwisho, aliyekuwa ameinama karibu na boksi anafunga kamba za njumu. Na pembeni chini kulia ilikuwepo tarehe iliyoandikwa na kamera, nayo imekwenda. Ndiyo maana wanaweza kuandika "miaka ya 80" bila aibu.

Halafu nendeni mkasome maoni. "Kaotea mita mbili huyo." Ameotea wapi? Kuotea kunaangaliwa pale pasi inapopigwa. Wewe mpiga pasi humuoni, beki wa mwisho humuoni, kipimo umekitoa wapi? Mwingine: "Bahati tu, beki aliondosha mpira ukamkuta." Beki gani! Mwingine anasema winga yule siku hizi hata kwenye ndondo asingepata namba. Siwalaumu sana wachangiaji, wamelishwa kilichokatwa. Nawalaumu waliokata.

Na huo mkanda haukuokotwa jalalani. Aliyerekodi alikuwa mpiga video wa harusi, sasa ni marehemu. Siku ile alitoka kwenye kipaimara, mkanda ukawa umebaki na nafasi, akapanda juu ya dawati la shule akarekodi dakika 11 za mpira kwa mapenzi yake, mwanaye kamshikia mwamvuli juu ya kamera. Mkanda ukakaa kwenye sanduku la bati zaidi ya miaka 25. Kwa unyevu wa Tukuyu ulipotolewa ulikuwa na ukungu mweupe pembeni kama unga. Ukiuingiza kwenye deki hivyo hivyo unaukata na deki yenyewe unaichafua. Fundi mmoja wa hapa Mbeya aliufungua skrubu kwa skrubu, akaufuta taratibu kwa mkono, akauhamishia kwenye kasha jipya ndipo akauingiza kwenye kompyuta. Siku nne. Yule binti wa marehemu, dada yangu wa ujirani, ndiye aliyewatumia ukurasa ule video nzima, bure, kwa roho safi, akiomba wamtaje baba yake tu. Hawakumtaja. Wakaandika "haki zote zimehifadhiwa". Haki za nani?

Kuna mtu kule ameniambia nakuza jambo dogo, mechi ya kata. Ndugu yangu, sisi wa Nyanda za Juu Kusini picha zetu ziko wapi? Mwaka 1986 Tukuyu Stars walipanda daraja, na msimu huo huo wakabeba ubingwa wa ligi mbele ya Simba na Yanga. Timu ya mji mdogo wa Rungwe! Wakati ule Tanzania Bara haikuwa na kituo hata kimoja cha televisheni. Zanzibar walikuwa nayo tangu miaka ya 70, sisi tukangoja mpaka 1994. Banyambala wale, yaani hao hao Tukuyu Stars, wazee wetu waliwajua kwa redio na kwa kwenda uwanjani kwa miguu. Kama goli la Peter Tino wa Taifa Stars kule Ndola, Zambia, mwaka 1979, lililotupeleka Kombe la Mataifa ya Afrika Lagos 1980: nchi nzima ililiona kwa masikio. Pelé mwenyewe, goli aliloliita zuri kuliko yote, la mwaka 1959 pale uwanja wa Rua Javari dhidi ya Juventus ya São Paulo, halina picha. Ilibidi litengenezwe upya kwa kompyuta kwa kufuata maelezo ya watu. Sisi tumebahatika kupata picha halisi, halafu mtu anaikata ili ienee kwenye simu yake!

Jumapili nilikwenda Tukuyu kumuonesha baba mdogo. Alikuwa hajaiona. Mguu mmoja siku hizi unamsumbua, anatembelea fimbo. Nikafungua ule wa kwenye ukurasa kwa sababu ndio uliokuwa umeingia kwenye simu. Akavaa miwani, akaangalia mara moja, akasema "rudisha". Nikarudisha. Mara ya tatu akaweka kidole kwenye kioo akawa anakivuta kwenda kulia, taratibu, kama mtu anayesogeza pazia. Alidhani picha inaendelea upande wa kushoto. Alidhani akivuta atajiona. Nikamwambia baba, hapo ndipo walipokata. Akanirudishia simu, akaniuliza kama nimekula.

Nasema hivi kwa wahusika, na najua mnasoma humu. Shusheni kile kipande. Wekeni picha ikiwa imelala kama ilivyorekodiwa, na sauti yake, mle ndani kuna mvua inapiga mwamvuli na marehemu anasikika akisema "haijagusa, haijagusa!" Ondoeni nembo katikati. Andikeni Tukuyu, andikeni 1997, andikeni jina la mpiga video kama mlivyoombwa.

NYONGEZA saa 3 usiku: Wamenijibu faragha kwamba "wafuasi wetu wanapenda video fupi", kisha wamenizuia. Sawa. Dada ameruhusu, nakala kamili ya dakika 11 ninayo na nimeanza kuipandisha, bando likitosha itakuwa humu kabla ya asubuhi.

Mnaouliza matokeo: tulifungwa 2-1. Goli lao la pili lilikuwa la dakika za mwisho na halipo kwenye mkanda, betri ya kamera ilikuwa imekwisha.