Nimeombwa kujitolea wikendi ya Pride na msafara wa pikipiki, mama ameiona bendera

BintiFundi
Assalaam alaikum, na habari za jioni kwa wote. Niko Malindi, nyumbani kwetu Barani, likizo ya wiki tatu. Maisha yangu ya kawaida yako Uingereza, mji mdogo wa pwani upande wa kusini, nafanya kazi kwenye nyumba ya wazee. Zamu za usiku.

Mwaka jana nilikuwa nikimhudumia mzee mmoja, na kila siku saa nane mchana anakuja mwenzake kumtazama. Nikiwa nimeshika zamu ya mchana humwambia, "Nduguyo amefika," naye hucheka tu. Miezi miwili ndio nikaelewa kuwa si ndugu. Wameishi nyumba moja miaka arobaini na kitu. Wote wawili wagonjwa wa pikipiki, wana BSA kuukuu gereji wameifunika blanketi kama mtoto. Basi yule mzee wangu alipojua kuwa marehemu baba alikuwa fundi wa baiskeli na pikipiki karibu na soko la zamani hapa Malindi, ikawa usiku usingizi ukimkataa ananiuliza: injini imezama petroli, babako angefanyaje? Namwambia angefunga koki, atoe plagi, aifute kwa kanga ya mama, airudishe, apige kiki nne tano. Na mama angepiga kelele za kanga yake hadi magharibi. Hadithi hiyo nimeisimulia labda mara thelathini. Alikuwa akiitaka vilevile, na kelele za mama zisipunguzwe.

Alifariki Februari, hospisini, nyumba ya kutunza wagonjwa wa mwisho. Sasa mji ule una wikendi yake ya Pride, ya watu wa LGBT, yaani wapenzi wa jinsia moja na wenzao. Jumamosi na Jumapili, kuna maandamano ya miguu na msafara wa pikipiki wa kuchangia hiyo hiyo hospisi. Mwenzake amenitumia ujumbe akiniomba nijitolee siku zote mbili, na fomu yataka kurudishwa Ijumaa.

Nilikuwa naisoma barazani, mama yuko kando anachambua mchicha. Mama hasomi Kiingereza, lakini bendera ile ya rangi aijua, keshaisikia ikitajwa kila mahali. Akauliza, "Hiyo ni nini kwenye simu yako?" Nikamwambia kazi. Si uongo, lakini si kweli pia, na tangu jana sijala vizuri.

Kuna mtu hapa aliyewahi kujitolea kitu kama hiki? Mtu huwa anafanya nini hasa? Naogopa picha. Kwetu binamu alipigwa picha kwenye sherehe ya kuzaliwa, mbele yake soda, nyuma yake chupa ya mtu mwingine, na kabla ya isha picha iko kwa shangazi Mambrui.

Steji_ya_Soko
Dada wa Barani, kumbe jirani! Babako nilimuwahi mwishoni mwishoni, kama ni yule wa kofia ya kufuma.

Mengine wataeleza wenye ujuzi. Mie nina la pikipiki. Mwaka huu ni wa 9 niko kwenye boda. Mwenzetu mmoja alipofariki tulimsindikiza Mambrui, pikipiki kama sitini, nyuma ya gari la maiti. Gari linakwenda mwendo wa mtu anayetembea. Jua la saa saba. Tulipofika daraja la Sabaki mkono wangu wa kushoto umekufa ganzi kwa kushikilia klachi, harufu ya klachi za watu inakuja puani, na mbili zikazimika katikati ya daraja. Nyuma lori la mchanga linapiga honi. Msiba ukageuka vurugu, watu wanasukuma pikipiki na kanzu.

Kwa hiyo uliza mapema: hizo pikipiki ziko mbele ya watu wa miguu, nyuma yao, au siku mbali? Zikiwa nyuma, usikubali kusimamia barabara. Pikipiki haipendi kutembea polepole, mtu ataanguka na lawama iwe yako.

AbuSwafiya
Hakuna hisani ndani ya maasi. Unataka kumsaidia mgonjwa, peleka pesa hospisini kimyakimya, Mola anaona. Usimtie mamako aibuni uzeeni.

BintiFundi
Ami, nimekusikia na sijakasirika. Pesa nimeshapeleka, pauni 20, tangu Februari. Huyu mzee aliyebaki hakuniomba pesa.

MamaWawili_Leeds
Mwenzangu, mie nimefanya mara mbili, huku kaskazini. Kwanza jambo la karatasi, maana najua ndilo linalokutoa jasho ingawa hukulitaja: viza ya kazi za afya na utunzaji inaruhusu kujitolea bila malipo. Usipokee posho yoyote zaidi ya nauli na chakula.

Kazi yenyewe wala si ya kutisha. Utapewa fulana ya njano ya kung'aa na ndoo yenye kifuniko kilichobandikwa lakiri. Sheria ya kwanza utakayoambiwa: ndoo haitikiswi. Wallahi nilishangaa. Sisi tumezoea mchango wa harambee, mtu anatajwa jina mpaka atoe. Kule unasimama kimya na ndoo, unatabasamu, anayetaka atatia. Masaa sita. Miguu ndiyo itakayokuua, kwa hiyo vaa viatu ulivyokwisha kuvizoea, na beba koti la mvua hata kama asubuhi jua linawaka.

Picha: mwambie msimamizi mapema kuwa hutaki. Hawatakuuliza sababu, kuna watu wengi wa namna yako, wengine ni Waingereza hao hao ambao kwao hawajasema. Omba kazi ya ndani, kama kuhesabu sarafu au kugawa maji. Lakini sitakudanganya, barabarani kila mtu ana simu.

Na ndugu wa steji kasema kweli kuhusu klachi. Wanawake wa San Francisco waligundua hilo mwaka 1976: kikundi kidogo cha waendesha pikipiki kilikwenda mbele ya maandamano, kwa sababu pikipiki haziwezi mwendo wa miguu. Ndio wakabaki mbele mpaka leo, wanajiita Dykes on Bikes, yaani wasagaji juu ya pikipiki. Watu hudhani ni mbwembwe za kufungua maandamano. Kumbe ni klachi.

Steji_ya_Soko
Naona hao walijua kazi.

Kanuni_na_Taratibu
Kwa upande wa sheria, kwa ufupi, kwa kuwa dada anarudi nyumbani kila mwaka. Kifungu cha 162 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya, kinachokataza ngono "kinyume cha maumbile", bado kipo, kifungo chake kinafika miaka 14, na Mahakama Kuu ilikataa kukifuta tarehe 24 Mei 2019. Lakini kinashughulika na tendo la kimwili. Kubeba ndoo ya mchango ng'ambo hakumo. Mahakama ya Juu nayo mwaka 2023 ilisema, majaji 3 kwa 2, kwamba ilikuwa makosa kuwanyima watu wa LGBT kusajili shirika lao. Askari si tatizo lako. Tatizo lako ni lile kundi la familia la WhatsApp, na huko hakuna rufaa.

Steji_ya_Soko
Mama mwambie. Ila anza na mzee, bendera ije baadaye. Ukianza na bendera hatasikia tena lingine.

BintiFundi
Nimemwambia jana usiku, umeme umepotea, tumekaa na taa ya simu. Nilianza na mzee. Nilipofika alipofariki, mama akauliza swali moja: "Nani alimuosha?" Nikamwambia mie na yule mwenzake, alfajiri, kabla watu wa mazishi hawajaja kumchukua. Akakaa kimya muda. Mbu wanapiga. Halafu akasema, "Bendera usishike. Ndoo shika." Na akaniuliza mji ule una mvua kiasi gani, kama vile nimemwambia naenda Lamu.

Sijui amekubali au ameniachia. Sikuuliza. Fomu nimetuma.

BintiFundi
Nimerudi na habari, wiki saba baadaye, samahanini kwa kuchelewa.

Steji: pikipiki zilikuwa siku yake mbali, Jumapili, kwa hiyo klachi zilisalimika. Niliwekwa kituo cha kupumzikia, uwanja wa nyuma ya kanisa, nagawa chai. Mvua tangu saa mbili. BSA ya wazee iliendeshwa na mpwa wao, ikazima papo hapo kwenye lango na ikakataa kiki, harufu ya petroli tupu. Wanaume sita wameizunguka wanatoa maoni. Nikafunga koki, nikaomba spana ya plagi, nikaitoa, imelowa chapachapa. Kanga sina. Nikaifuta kwa upindo wa fulana ya njano. Kiki ya tano ikashika, ikatoa moshi mweupe usoni pangu, na yule mzee aliyebaki akasimama na kikombe chake mvuani akaniuliza kama mamangu angepiga kelele. Nikamwambia sana.

Ndoo yangu ya Jumamosi ilikuwa na pauni 143 na peni kadhaa, kifungo cha shati, na shilingi 20 ya Kenya. Hiyo shilingi 20 imenisumbua. Sikumwona aliyeitia.

Na picha, ndiyo, ilipigwa. Nimeinama kwenye injini, fulana ya njano, uso hauonekani vizuri lakini shangazi wa Mambrui ananijua hata kwa kisigino. Ilifika Jumatatu. Akaandika kwenye kundi la familia: "Mwanangu, umeacha wazee? Hii kazi ya barabara umeipata lini?" Mama akamjibu kabla yangu: "Ni ya muda tu."