Mzee mkata boriti katika filamu yangu ya mikoko: nimbakishe au nimwondoe?

Kijana wa Kamera aliandika:

Assalamu alaikum, na salamu kwa wote. Nina umri wa miaka 24, na kwa miezi saba sasa ninatengeneza filamu ya hali halisi kuhusu mikoko katika kijiji kimoja cha kusini mwa pwani ya Kenya, ambacho sitakitaja kwa sababu mtakayoiona hapa chini. Nilivutiwa kwanza na habari za Ghuba ya Gazi, ambako vijiji vya Gazi na Makongeni vinatunza hekta 117 za mikoko chini ya mradi wa Mikoko Pamoja, vikiuza hewa ya kaboni, yaani kulipwa kwa kaboni ambayo miti hiyo huhifadhi, tangu mwaka 2013 na kuelekeza mapato kwenye maji na shule. Nilitaka kuona kama moyo huo umefika kwingine, na kweli nimewapata kina mama wanaootesha miche na kuipanda matopeni kwa bidii iliyonigusa sana.

Hata hivyo, kila ninapopitia picha zangu, anayenishika ni mzee wa miaka sabini na kitu, mkata boriti tangu ujana wake, ambaye alisema mbele ya kamera kwamba mpaka leo huingia mikokoni usiku kwa mtumbwi, maji yakijaa. Aliniruhusu mwenyewe, na kauli yake ya kukubali nimeirekodi. Wiki mbili zilizopita mkaza mwanawe alinipigia simu akiniomba nimtoe, kwa kuwa mikoko ya Kenya ni msitu wa serikali tangu mwaka 1932, na kukata bila kibali ni kosa. Nikimtoa, nitabaki na filamu ya watu wanaopanda miti tu, ambayo ni ya kweli lakini haisemi ni nani aliyekuwa akiishi kwa miti hiyo. Je, nikimficha uso na kubadili sauti yake, itatosha?

Mhariri wa Zamani alijibu:

Haitatosha. Kufichwa uso humlinda mtu mbele ya wageni, na wanaoweza kumdhuru mzee huyu si wageni. Katika kijiji cha nyumba mia mbili, watu watamjua kwa mikono yake, kwa mtumbwi wake, kwa namna anavyokohoa kabla ya kusema. Nimewahi kumtia kivuli mvuvi mmoja nikaamini nimemaliza kazi, na siku ya kuonyesha filamu watoto waliokaa mbele walimtaja jina kabla hajamaliza sentensi ya kwanza. Sijaisahau siku hiyo.

Kauli uliyoirekodi ni ridhaa ya siku ile, kwa kadiri alivyoielewa siku ile. Alidhani anazungumza nawe. Huenda hakufikiria kwamba maneno yake yatakaa kwenye intaneti hata baada yake. Kenya ina Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019, inayompa mtu haki ya kuondoa ridhaa yake, ingawa imeweka nafasi maalumu kwa uandishi wa habari na sanaa. Lakini nakusihi usianzie kwenye sheria. Chukua kompyuta yako, nenda nyumbani kwake, mwonyeshe sehemu zake zote jinsi ulivyozipanga, mkaza mwanawe akiwepo, kisha nyamaza umsikilize. Akisema toa, toa.

Mama wa Kwale alijibu:

Mwanangu, baba yangu alikuwa mkata boriti, kwa hiyo naandika jambo ninalolijua. Swali lako limejengwa kana kwamba mzee huyo ana kitu kimoja tu cha kusema, yaani kwamba anavunja sheria. Umemuuliza kuhusu kazi yenyewe? Mkataji wa zamani hutazama mti akajua kama ni fito, pau, mazio, boriti au nguzo, kulingana na unene wake, kabla hajaugusa, na katika aina za miti ya mikokoni anajua mkandaa unaota wapi na mkoko wenyewe unaota wapi. Upana wa vyumba vya nyumba za mawe za Lamu ulifuata urefu wa boriti, na majahazi yalizipeleka Uarabuni na nchi za Ghuba hadi serikali ilipopiga marufuku kuziuza nje mwaka 1982. Huyo ndiye mtu uliyekaa naye, nawe umebaki na sentensi moja ya usiku.

Tena, mikoko ya Gazi ilikatwa sana miaka ya 1970 kwa ajili ya kuni za viwanda. Naomba filamu yako isimbebeshe mzee wa mtumbwi mzigo usio wake. Uliza pia watu wa kijiji chako wanajengea nini leo. Kule Gazi wamepanda mivinje ili pawe na nguzo na kuni nje ya mikoko. Kama kwenu haipo, hapo ndipo pa kuelekeza kamera.

Kijana wa Kamera alijibu:

Nawashukuru nyote, na wewe mama kwa namna ya pekee. Nilikwenda juzi. Mzee alitazama kimya mpaka mwisho, akaomba niondoe maneno yote ya kuingia usiku, nami nimeyafuta mbele yake, pamoja na nakala niliyokuwa nayo. Mkaza mwanawe alishusha pumzi. Kisha mzee akaniuliza kwa nini nimeikata sehemu aliyokuwa akihesabu korija za boriti, yaani mafungu ya ishirini ishirini, kwa sababu kwake hiyo ndiyo iliyokuwa na maana. Nami niliiacha nikidhani inachosha.

Amekubali kwenda na kina mama bamvua ijayo, siku za maji makubwa, maji yakipwa kama saa nne asubuhi, awaonyeshe mahali ambapo miche yao hufa kila mwaka. Anasema wanapanda mkoko mahali pa mkandaa.