Dola ya dhahabu: 1851-C, 1855 au mbili za kawaida? Nishaurini kabla ya Jumamosi

Mnyalu_NC
Wakuu habari za humu. Nipo North Carolina huku, nataka kununua dola ya dhahabu ya Marekani, zile ndogo za karne ya 19, na nimebaki na machaguo matatu. Moja ni 1851-C, yaani ya mwaka 1851 yenye herufi C ya kiwanda cha sarafu cha Charlotte. Ya pili ni 1855, ile yenye mwanamke wa taji la manyoya. Ya tatu ni kuchukua mbili kwa mpigo, 1853 na 1862. Bei zote zinakaribiana. Jumamosi natakiwa kulipa. Mnaojua hizi vitu, ipi itapanda thamani?

mzee_wa_lenzi
Kijana swali lako limekaa nusu. Ziko kwenye slabu, lile kasha la plastiki linalofungwa na kampuni ya kupima gredi, au ziko wazi mkononi? Gredi gani? Bei gani, maana "zinakaribiana" haituambii kitu. Unanunua kwa diila au kwa mtu binafsi? Na unataka kukaa nazo au kuuza mwakani? Tupe hayo kwanza, bila hivyo kila mtu atakushauri anachokipenda yeye.

Chuma_Ulete
Si ndio zile za mama kabeba mtoto mgongoni? Mimi ninazo nyingi tu, mashine za tiketi zilikuwa zinatoa chenji hizo. Kama zina bei hivyo niambieni nizitoe kwenye kopo.

mzee_wa_lenzi
Hapana ndugu, hizo za Sacagawea zilianza mwaka 2000 na hazina dhahabu hata chembe, ni shaba imefunikwa na mchanganyiko wa shaba, zinki, manganizi na nikeli, ndio maana zina rangi ile. Anayoulizia Mnyalu ilipigwa kuanzia 1849 hadi 1889, ina gramu 1.672, dhahabu asilimia 90. Za mwanzo zina upana wa milimita 13 tu, ndogo kuliko senti kumi ya Marekani, ikidondoka kwenye zulia utaitafuta mpaka kesho.

OchiengTX
Boss usisumbuke na hizo za kale kale zilizochoka. Chukua mpya mpya za miaka ya 1880 zenye gredi ya juu, MS64 kwenda juu (MS ni isiyowahi kutumika, namba ya juu kabisa ni 70), ziko kwenye slabu ya PCGS au NGC, zile kampuni za kupima gredi, ukitaka kuuza unauza siku hiyo hiyo bila maneno. Ya 1880 walipiga 1,600 pekee za matumizi!

mzee_wa_lenzi
Ochieng hiyo 1,600 ni kweli ila imekaa vibaya kwa asiyejua. Miaka ile watu walizinunua wakaziweka, hazikutumika sokoni, kwa hiyo zilizobaki ni nyingi na nyingi ni nzuri sana. Idadi iliyopigwa ni kitu kimoja, iliyobaki leo ni kitu kingine. Ya 1853 walipiga zaidi ya milioni nne, lakini nyingi ziliisha kwa kuyeyushwa na kupelekwa kwa masonara.

Mnyalu_NC
Samahani wakuu nilikuwa kazini. Maelezo ni haya: 1851-C haiko kwenye slabu, ni ya mzee mmoja kwenye gulio la Jumamosi, anasema ilikuwa ya bibi yake, anataka 650. 1855 iko kwenye slabu AU55, yaani imetumika kidogo tu, kwa diila wa mjini, 690. Zile mbili ziko kwenye slabu zote MS61, huyo huyo diila, 700 kwa pamoja. Mimi roho yangu iko kwa 1851-C kwa sababu herufi C ni Charlotte, naishi mwendo wa saa moja na nusu kutoka pale, naona kama ni kitu cha huku huku.

mama_kelvin
Mnyalu kaka yangu nisikilize vizuri, kwa sababu hili limenikuta. Nilinunua 1854 ya aina ya pili, hiyo hiyo ya taji la manyoya kama hiyo 1855 yako, kwa muuzaji wa mtandaoni, haikuwa na slabu, na yeye aliniapia kwamba ni safi imetoka kwenye familia. Picha zilikuwa nzuri lakini zote zimepigwa kwa kuinamisha hivi, juu ya kichwa kuna kivuli, na nilipoomba picha ya ukingo akanitumia picha ile ile ya mwanzo ameikata tu. Bei ilikuwa nzuri, mume wangu alikuwa anatimiza miaka 50, nikalipa. Ilipofika kwa macho ilikuwa inang'aa kweli. Nikaipeleka kupimwa gredi, nikalipia na usafirishaji na bima, imekaa huko wiki na wiki, ikarudi imeandikwa ni halisi lakini haina gredi ya namba kwa sababu iliwahi kuwa kidani. Ndipo nikachukua lenzi nikaangalia nilichoambiwa niangalie: pale saa kumi na mbili, juu kabisa ya kichwa, ile michongo ya ukingoni imelainishwa, sehemu ndogo kama punje ya mchele, na rangi yake imetofautiana kidogo na ya pembeni maana ndipo kilipolehemiwa kishikizo cha mkufu. Na sehemu tupu za sarafu zina mikwaruzo myembamba yote inaelekea upande mmoja, wamesugua kuficha. Nikamwandikia muuzaji akanijibu "sarafu si ni ya kweli?" halafu akanyamaza moja kwa moja. Diila nilimpelekea akanipa bei ya dhahabu na kidogo juu. Roho iliniuma sana, si hela tu, ni ile kwamba mtu alijua anachofanya. Kaka usinunue kitu kisicho na slabu kwa mtu wa gulio, hata akikulilia habari za bibi.

Chuma_Ulete
Duh pole sana dada. Na mumeo ulimwambia?

mama_kelvin
Nilimwambia, akasema yeye alitaka mbuzi 😅 tukachinja.

BintiPemba
Salaam kutoka Maskati. Mimi siwaelewi nyie watu wa Marekani, dola 690 kwa kidude cha gramu moja na nusu ya dhahabu? Huku sokoni Mutrah unapimiwa bangili kwenye mizani mbele yako, unalipa bei ya siku na ujira wa sonara, basi. Ukitaka kuuza unarudi pale pale.

mzee_wa_lenzi
Binti, hesabu yako ni sahihi kama mtu anatafuta dhahabu. Dola moja hii ina wakia 0.048 za dhahabu safi, kwa hiyo kila dola 1000 za bei ya wakia, ndani ya sarafu kuna dhahabu ya dola 48 hivi. Ziada yote juu ya hapo unalipia historia na hali ya sarafu. Mtu anayetaka dhahabu tu asinunue hizi, na ningependa Mnyalu ajibu hilo kabla ya Jumamosi, bado hajalijibu.

Sasa nirudi kwa 1851-C. Charlotte walipiga kama 41,000 mwaka ule, ndiyo dola ya Charlotte inayopatikana kirahisi kuliko zote, lakini hata hivyo ikiwa halisi na haijaharibiwa mtu anayejua bei hakuachii kwa 650. Mwaka huo huo Philadelphia walipiga zaidi ya milioni tatu zisizo na herufi yoyote. Unaona hatari iko wapi? Mtu anachukua ya Philadelphia anabandika C. Geuza upande wa nyuma, herufi iko chini ya shada, chini kabisa pale kwenye fundo. Iangalie kwa lenzi ya mara kumi ukiinamisha taratibu kwenye mwanga: C iliyopigwa pamoja na sarafu inainuka kutoka kwenye uso bila mpaka, iliyobandikwa ina mstari mwembamba wa kiungo kwenye mzizi wake, au pale pembeni pamekwaruzwa. Pima uzito pia. Ila mizani peke yake isikudanganye, kuna feki zimetengenezwa kwa dhahabu halisi ya kiwango hicho hicho.

OchiengTX
Mimi hiyo 1855 pia siitaki. Nimeona nyingi, zile L mbili katikati ya neno DOLLAR zinakuwa hazionekani, hata 8 ya mwaka imefifia. Hiyo ni sarafu imechakaa halafu wanaiita AU.

mzee_wa_lenzi
Hapo nakupinga kabisa. Hiyo haikuchakaa, ilizaliwa hivyo. Longacre, mchongaji mkuu wa sarafu za Marekani, mwaka 1854 alipanua sarafu ikawa milimita 15 na kuichora upya, lakini akaiinua sura kupita kiasi, na hiyo sura iko nyuma ya zile L na ile 8 upande wa pili, dhahabu haikutosha kujaza pande zote mbili kwa pigo moja. Ndiyo sababu aina hiyo ilidumu muda mfupi, mwaka 1856 wakaleta kichwa kikubwa kilicho bapa zaidi na tatizo likaisha, ikabaki San Francisco tu walioendelea na ya zamani mwaka huo. Uchakavu unauangalia kwenye nywele juu ya jicho na kwenye ncha za manyoya, siyo kwenye L. Na kwa sababu ilidumu muda mfupi, kila anayekusanya aina zote tatu lazima aitafute. Mimi kwa hizo tatu ningechukua 1855.

OchiengTX
Mzee kila uzi unasema aina ya pili, aina ya pili 😂 mtu akitaka kuuza atamweleza mnunuzi habari ya L zote hizo? Mnunuzi anataka kitu kinachoonekana. Zile mbili za MS61 hazijawahi kutumika, ni mbili, ana ya kichwa cha Uhuru (1853) na ya kichwa kikubwa (1862). Baadaye atafute ya katikati polepole.

mzee_wa_lenzi
MS61 maana yake haijatumika ila imegongwa gongwa kwenye mifuko. Nimeona AU58 nzuri kuliko MS61 mara nyingi tu, ndiyo maana nasema mtu aiangalie sarafu asisome karatasi tu. Kama ina stika ya kijani ya CAC hapo tutazungumza, ina maana mtu mwingine ameiangalia tena akaridhika na gredi.

OchiengTX
Stika ni biashara juu ya biashara. Unalipia slabu, halafu unalipia stika ya kusema slabu haijadanganya.

BintiPemba
Kama ni historia Mnyalu, mbona unaruka ya kwetu? Tafuta rupia 15 ya Tabora ya 1916. Tembo kainua mkonga na mlima nyuma yake, herufi T chini. Wajerumani walizuiliwa baharini na Waingereza, hela hazifiki, wakapiga sarafu za dhahabu kwenye karakana ya reli pale Tabora kwa dhahabu ya mgodi wa Sekenke. Ina gramu saba na ushee, siyo hicho kidude chenu. Marehemu babu alikuwa nayo moja, iko kwa mjomba Chake Chake hadi leo hataki hata kuionesha.

Mnyalu_NC
Dada hiyo ya Tabora naijua kwa picha tu, nzuri kweli, ila bei yake iko mbali na mfuko wangu.
Mzee nikujibu: sitafuti dhahabu, na kuuza sina haraka. Nilienda kwenye lile jengo la zamani la kiwanda cha sarafu Charlotte, walilihamisha siku hizi ni makumbusho, nikasoma habari ya yule mtoto Conrad Reed aliyeokota jiwe la dhahabu la ratili 17 mwaka 1799 kwenye kijito, baba yake hakujua ni nini wakalitumia kuzuilia mlango, akaja kuliuza dola tatu na nusu. Tangu siku hiyo nataka kitu chenye C. Ndio maana.

mama_kelvin
Basi tafuta yenye C iliyo kwenye slabu, hata ya gredi ya chini. Usichanganye hamu na mzee wa gulio.

mzee_wa_lenzi
Namuunga mkono mama Kelvin. Au mwambie huyo mzee mkutane kwa diila, mlipe gharama ya kuipeleka kupimwa nusu kwa nusu, ikirudi halisi unamlipa. Mwenye kitu halali hana sababu ya kukataa.

Mnyalu_NC
Nimemtumia ujumbe hivyo hivyo asubuhi. Ameusoma, hajajibu.

OchiengTX
Na slabu yoyote utakayonunua weka namba yake kwenye tovuti ya kampuni ulinganishe picha. Siku hizi hata slabu zinafojiwa.

Chuma_Ulete
Mzee samahani nirudi kwangu. Nimemwaga kopo, kuna za mwaka 2000 kama tatu hivi zina herufi P. Hakuna hata moja yenye bei?

mzee_wa_lenzi
Angalia mkia wa tai. Kuna 5,500 waliziweka kwenye maboksi ya Cheerios, ile nafaka ya kifungua kinywa, mwaka ule, hizo manyoya ya mkia yana michoro mingi zaidi kuliko za kawaida. Piga picha ya karibu uweke hapa.

Chuma_Ulete
Napiga sasa hivi, taa ya hapa ni mbovu, subiri nitoke nje.

BintiPemba
Na mimi nimemwomba mjomba picha ya tembo, akikubali naweka.