Utafiti wa mizani ya mwili ni kazi ya maisha?

Swali, Chake Chake:
Assalaam alaykum. Binti yangu anasomea fiziotherapia na anatamani kuwa profesa anayechunguza jinsi mwili unavyojizuia usianguke. Je, somo hilo lina upana wa kutosha?

Jibu, Wete:
Wa alaykumu salaam, ndugu yangu. Ni pana mno, kwani mizani hutegemea macho, sikio la ndani na hisia za nyayo na viungo, na mtafiti humsimamisha mtu juu ya bamba la kupimia nguvu, kisha humtaka afumbe macho ili apime anavyoyumba.

Jibu, Paje:
Naongezea mkao wa kazini. Wakulima wa mwani, ambao wengi wao ni wanawake, huinama muda mrefu wakati wa bamvua, yaani siku ambazo maji ya bahari hujaa na kupwa sana, kisha hubeba mizigo iliyorowa. Migongo yao, kwa maoni yangu, inastahili profesa wake.