Tupeane uzoefu: Uliirudiaje kazi ya kupika pombe ya asili nyumbani, na wenzako mjini uliwapataje?

Mwanzisha mada, Tanga

Ndugu wajumbe, salamu kwenu nyote. Ninaomba tukusanye hapa habari za wale waliowahi kupika pombe ya asili kwa mikono yao, wakaiacha kwa miaka, kisha wakairudia wakiwa katika mji ambao hawakuwa na mtu wa kumuuliza. Ninaanza na habari yangu.

Nimezaliwa Kibosho, Kilimanjaro, na mbege nilifundishwa na bibi mzaa mama kabla sijamaliza shule ya msingi. Kazi yangu ilikuwa kuchochea kuni chini ya sufuria la ndizi na kulinda ulezi uliotandazwa kwenye mkeka usiliwe na kuku. Baadaye ajira ilinihamisha mara tatu, na kwa miaka 11 sikuwahi kuchemsha hata chane moja ya ndizi. Bibi alipofariki, ndugu walileta msibani mbege iliyonunuliwa, kwa sababu hakuna hata mmoja kati yetu wajukuu aliyethubutu kusema kwamba bado anaweza kuipika. Jambo hilo liliniuma kuliko nilivyoweza kueleza siku ile, na niliporudi Tanga nilianza kuulizia ndizi.

Kwa wasioifahamu, mbege ina sehemu mbili zinazokutana mwishoni. Ndizi mbivu huchemshwa kwa saa nyingi hadi zibadilike rangi na kuwa nyekundu, huachwa zipoe na kuchachuka kwa siku kadhaa, kisha huchujwa. Kando yake hupikwa uji wa kimea cha ulezi, ambao kwetu huitwa mso, nao huchanganywa na maji yale ya ndizi. Uchungu unaozuia utamu usizidi hutoka katika gome la msesewa. Kwetu neno mbege ni jina la ulezi wenyewe, na hilo linaonyesha wazee waliona kiini cha kinywaji hiki kiko wapi.

Nilipojaribu Tanga kwa mara ya kwanza, nilifuata siku zilezile za bibi. Kibosho iko mlimani na usiku wake ni wa baridi, wakati hapa pwani ndoo iliyofunikwa ndani ya nyumba huwa na joto usiku kucha. Siku ya tatu nilifunua nikakuta siki. Nilirudia mara mbili zaidi, nikapoteza mikungu minne ya ndizi kwa jumla.

Mwenzangu wa kwanza nilimpata kwa sababu ya swali dogo. Ninanunua ulezi kwa mama mmoja katika soko la Mgandini, na kila mara nilikuwa nikimuuliza kama ulezi wake unaota. Mnunuzi wa ulezi wa uji hana haja ya kuuliza hivyo. Anataka usiwe na mchanga, basi. Siku moja yule mama akaniambia, “Baba, kuna mwalimu anakuja hapa kila mwezi, naye ananiuliza swali hilo hilo.” Nilimwachia namba yangu ya simu ampe. Mwalimu huyo ni Mmeru wa Arusha, amekaa Tanga miaka sita, na alidhani yuko peke yake kama nilivyodhani mimi. Kupitia kwake tumefika watu watano.

Wa tano si mpika pombe bali ni mgema, mzee wa Kidigo anayegema minazi upande wa Pongwe, na ndiye aliyetuokoa na joto. Alituambia kwamba tembo, yaani pombe ya mnazi, la asubuhi likiachwa hadi jioni huwa kali na likilala tena huelekea kwenye siki, kwa hiyo mgema wa pwani hahesabu siku, anahesabu saa, na chombo chake hakilali na mabaki ya jana. Tangu hapo tunasuuza kila ndoo kwa maji yanayochemka, tunaiweka ndani ya beseni la maji na kuizungushia gunia lililolowa, na tunaonja kila baada ya saa sita. Maji ya ndizi ambayo Kibosho yangehitaji siku nne, hapa yanakuwa tayari kwa siku mbili kasoro.

Jambo moja ningependa lieleweke. Majirani zangu wengi ni Waislamu na hawatumii kilevi. Kabla ya kuanza nilikwenda kwa mwenye nyumba na kwa jirani wa ukuta mmoja nikawaeleza ninachotaka kufanya. Waliniomba nisipike mwezi wa Ramadhani na nisiuze uani, nami nimelishika ombi hilo. Karibuni nanyi.

Mjumbe, Bukoba

Asante mkuu kwa mada hii. Mimi nilistaafu nikarudi nyumbani Kagera nikiwa na nia ya kupika rubisi, pombe yetu ya ndizi, kama alivyopika baba, na nikakuta kwamba kilichopotea kwanza ni migomba. Ndizi za pombe, hasa ile aina tunayoiita kisubi, ziliathirika vibaya na ugonjwa wa mnyauko, ambao uligundulika mkoani kwetu mwaka 2006. Shamba la baba lilikuwa limeng’olewa karibu lote. Nilitumia mwaka wa kwanza kupanda na kujifunza kukata ua dume kwa kijiti chenye panda badala ya panga, kwa sababu wadudu huubeba ugonjwa kutoka ua hadi ua, na panga huubeba kutoka mgomba hadi mgomba.

Katika kupanda huko ndiko nilikopata wenzangu. Nilikuwa ninaomba machipukizi safi kutoka shamba hadi shamba, na kila mzee aliyenipa chipukizi alitaka kujua la nini. Nikijibu kwamba ni la rubisi, mazungumzo yalibadilika papo hapo. Mmoja alinipeleka nyuma ya nyumba akanionyesha mtumbwi wake wa kukamulia, ule wa gogo lililochongwa, umejaa majani makavu na vifaranga. Tuliuosha wawili siku nzima. Leo tunautumia watu saba kwa zamu.

Sisi hatuchemshi ndizi. Zinavundikwa hadi ziive, zinamenywa, zinakanyagwa kwa miguu pamoja na nyasi mpaka juisi itoke, kisha inachujwa na kutiwa mtama uliokaangwa na kusagwa. Juisi hiyo kabla haijachachuka tunaiita mulamba, nayo wanakunywa watoto na wasiotumia kilevi. Inapofunikwa kwa majani ya migomba na kulala usiku, kesho yake ni rubisi. Kukanyaga ni kazi ya watu wawili au watatu. Nilijaribu peke yangu mara moja, nikashindwa kabla juisi haijaanza kutoka, na kwa hiyo ninakubali kabisa kwamba kutafuta wenzako ni sehemu ya upikaji wenyewe.

Mjumbe, Iringa

Kwetu ni ulanzi, na habari yangu ni fupi kwa kuwa ulanzi haupikwi. Unagemwa kwenye chipukizi la mwanzi wakati wa mvua, nao huchachuka wenyewe. Niliurudia baada ya miaka minane. Mwenye mianzi aliyenifundisha upya alinipa sharti moja, kwamba nifike kabla jua halijachomoza kila siku ya msimu bila kukosa, maana ncha isipokatwa upya huziba. Nilifika siku zote. Sasa ananiachia mianzi kumi na miwili niihudumie.

Mjumbe, Eldoret

Hamjambo wenzangu. Mimi ni mama wa watoto wanne na ninapika busaa. Nyanya alinifundisha nikiwa msichana huko Lugari, kisha nikaacha nilipoolewa, kwa sababu miaka ile ya kwanza mume wangu aliona ni kazi ya kuleta polisi nyumbani. Sheria ya kudhibiti vileo ilibadilika mwaka 2010, lakini hofu haibadiliki siku ile ile ambayo sheria inabadilika, na hata sasa anayetaka kuuza anahitaji leseni. Mimi siuzi. Ninapika panapokuwa na harusi, mahari, au wazee wanapokutana.

Kinachosahaulika katika busaa ni kukaanga. Unga wa mahindi unakandwa kwa maji na kuachwa uchachuke karibu wiki moja, kisha unakaangwa juu ya bati kwenye moto wa kuni huku ukigeuzwa kwa koleo bila kupumzika, mpaka uwe na rangi ya udongo mwekundu na harufu inayofika barabarani. Ukiacha mapema busaa inakuwa na ladha ya unga mbichi. Ukichelewa inakuwa na ladha ya moshi na hakuna wimbi, yaani ulezi, litakaloirekebisha. Baadaye unatiwa maji na kimea cha wimbi. Niliporudi kwenye bati baada ya miaka 14, mkono wangu haukukumbuka mwendo.

Wenzangu niliwapata kwa harufu. Nilikuwa ninakaanga nyuma ya nyumba mtaani Langas, na mwanamke ambaye sikuwa ninamfahamu alisimama kwenye lango akasema, “Mama, hiyo imebaki kidogo tu, usiitoe.” Aliingia akaichukua koleo mkononi mwangu. Ni Mteso kutoka Amukura, na kwao pombe hunywewa ikiwa ya moto kwa mirija mirefu kutoka chungu kimoja, watu wakiketi kwa kuzunguka. Kupitia kwake nimepata wengine watatu, wawili wakiwa Waluhya kama mimi. Huwa tunakaanga pamoja ili tugawane kuni, na pia kwa sababu koleo linachosha bega.

Mjumbe, Portland, Maine

Ndugu zangu, mimi ni mtu wa Bukavu, na ninaandika kutoka mji mdogo wa pwani ya kaskazini mashariki ya Marekani, ambako Wakongo, Warundi na Wanyarwanda tumekuwa wengi. Kwetu mama alikuwa anapika kasiksi ya ndizi. Nilipofika hapa niliamini kwamba hilo limekwisha, kwanza kwa sababu ya baridi, pili kwa sababu nilidhani ni kosa la jinai. Rafiki yangu Mmarekani kazini alinieleza kwamba kupika bia nyumbani kwa matumizi ya nyumbani kuliruhusiwa na sheria ya nchi nzima iliyotiwa saini mwaka 1978, na kwamba kaya yenye watu wazima wawili au zaidi inaweza kutengeneza galoni 200 kwa mwaka, yaani karibu lita 757. Kutengeneza pombe kali kwa mvuke nyumbani bado ni marufuku.

Rafiki huyo alinipeleka kwa wapikaji wa hapa, watu wa shayiri na hopsi, yale maua machungu ya bia, ambao hukutana nyumbani kwa mmoja wao. Waliniuliza maswali ya kweli kuhusu kazi ya mama, na hakuna aliyecheka. Mimi niliwafundisha kwamba ulezi unapatikana katika maduka ya Wahindi kwa jina la ragi, nao wakanifundisha kutumia haidromita, kile kifaa cha kioo kinachoelea na kuonyesha sukari iliyobaki. Tatizo langu ni kinyume cha la mkuu wa Tanga: mwezi wa Januari ndoo inalala kama imekufa, mpaka niifunge kwa blanketi la umeme.

Lakini ninasema ukweli, furaha kubwa zaidi niliipata pale mama mmoja wa Bujumbura, ambaye tunasali naye, alipoonja akanyamaza, kisha akaomba kikombe cha pili ampelekee mumewe. Tangu siku hiyo tunapika pamoja. Yeye anasema yangu ni kasiksi, mimi ninasema yake ni urwarwa, pombe ya ndizi ya Warundi, na ndoo ni moja.

Mjumbe, Singida

Wakuu, nimesoma yote. Mimi ndiyo kwanza ninataka kurudi, na sijampata mwenzangu hata mmoja. Mwezi uliopita nililoweka kilo tatu za ulezi ukaoza bila kuota. Nianzie wapi?

Mwanzisha mada, Tanga

Ndugu wa Singida, pole, na usiutupe moyo pamoja na ulezi. Huenda ulikuwa wa zamani au ulipata joto ghalani, na vilevile maji yakituama mbegu hukosa hewa. Kabla ya kununua kilo tatu, omba kiganja kimoja tu. Hesabu punje 100, zifunge katika kitambaa kilicholowa, na baada ya siku tatu hesabu zilizotoa mizizi. Zikiwa chini ya 80, tafuta muuzaji mwingine. Zikizidi hapo, loweka ulezi usiku mmoja, umwage maji yote, uutandaze kwenye gunia safi kwa unene usiozidi kidole, uunyunyizie asubuhi na jioni na kuugeuza. Mizizi ikianza kushikana, uanike juani mpaka ukauke kabisa, kisha usage.

Na huyo muuzaji atakayekupa kiganja, mwambie unakitaka kwa kazi gani, umwachie namba yako ya simu.