Kobe aliyelelewa bila jua: gamba linabonyea, macho yamefumba. Nianzie wapi?

Mwendo_Pole

Wakuu, salama? Nimepokea kobe wa madoa ya chui ambaye aliyekuwa naye ameshindwa kumlea. Kibali cha kumfuga kimeshahamishiwa kwangu, hapo hakuna neno. Kinachonisumbua ni hali yake, na naandika vipimo ili msibahatishe.

Urefu wa gamba kwa mstari ulionyooka ni sm 19, uzito g 1,140. Ukimwinua ni kama umeinua boksi tupu. Ukingo wa nyuma wa gamba unabonyea kwa kidole gumba, kisha unarudi. Mgongoni ana manundu kama vichuguu. Macho yamezama na kope zimegandana. Mdomo wa juu umepinda kama wa kasuku, umepita taya ya chini kwa karibu sm 1. Hanyanyuki, anajiburuta. Jana alitoa kitu cheupe kizito. Ukikisugua kati ya vidole kinakwaruza kama mchanga.

Alikuwa anakaa kwenye tangi la kioo, chini kuna mchanga, juu taa nyekundu ya joto. Alilishwa letusi, nyanya na mkate.

Nimeandaa rundo la majani ale ashibe, na kopo la unga wa kalsiamu wenye vitamini D3. Nimeshauriwa pia nimchome ivermektini ya minyoo na nimpake mafuta ya kula kwenye gamba. Nianze na lipi?

---

GambaGumu

Usianze na hata moja. Ivermektini nianze nayo mimi, maana ndiyo itakayomuua kabla ya mengine. Kwa ng'ombe na mbuzi ni dawa ya kawaida, lakini kwa kasa na kobe inaingia kwenye mfumo wa fahamu, mnyama anapooza hadi kushindwa kuvuta pumzi. Hakuna cha "kidogo tu haimdhuru". Anayeishauri kwa kobe anajua mifugo, hajui kobe.

Mpangilio wako ni huu: joto, halafu maji, halafu chakula. Ukiugeuza unampoteza ukiwa unadhani unamsaidia.

Joto kwa sababu kobe hana la kwake. Akiwa wa baridi, tumbo halisagi, kinga ya mwili imelala, na hata dawa ya daktari haifanyi kazi inavyotakiwa. Mtengenezee sehemu moja ya kuota yenye nyuzi 32 hadi 34 za Selsiasi, upande wa pili uwe 26 hivi, usiku isishuke chini ya 24 mpaka apate nguvu. Pima kwa kipimajoto kilicholazwa usawa wa mgongo wake. Kilichobandikwa ukutani kinakupa joto la ukuta. Usiku tumia balbu ya kauri isiyotoa mwanga, iunganishwe na thamostati (kifaa kinachowasha na kuzima chenyewe kulingana na joto). Yale mawe ya umeme ya kupasha joto achana nayo. Kobe amezoea joto linalotoka juu, linalotoka chini anachelewa kulihisi, unakuja kumgeuza unakuta ameungua tumbo.

Maji: beseni lenye kuta asizoweza kuona nje (akiona nje anahangaika kupenya, hanywi). Maji ya nyuzi 30, kina kifike pale gamba la juu linapokutana na la chini, kichwa kiwe juu ya maji bila yeye kujinyoosha. Dakika 30, asubuhi na jioni, kwa siku 5 za mwanzo. Baadaye mara moja kwa siku. Maji yakipoa ongeza ya moto pembeni, mbali na ngozi yake. Akichafua, badilisha yote palepale kwa sababu ndiyo anayokunywa. Utajua anakunywa ukiona pua imezama na koo linapanda na kushuka taratibu. Wapo wanaotia sukari au chumvi humo. Maji matupu yanatosha.

Kile cheupe ni taka ya mkojo wake, kobe hutoa asidi ya yuriki badala ya mkojo kama wetu. Mwenye maji ya kutosha hutoa kitu laini kama maziwa mazito. Kinachokwaruza maana yake figo zimekauka, na kikiendelea hivyo kinaganda kuwa jiwe kwenye kibofu. Ndiyo maana kalsiamu, dawa na chakula vyote vinasubiri figo zipate maji.

Sasa hilo rundo la majani. Mwili ulioshinda njaa muda mrefu umeshamaliza akiba ya fosforasi na potasiamu. Ukiujaza chakula ghafla, sukari inaingia kwenye seli na kuzivuta fosforasi na potasiamu zilizobaki kwenye damu, moyo unayumba. Kobe anakula vizuri siku mbili, ya tatu amekufa, na watu wanasema "alikuwa ameanza kupona". Siku 3 za kwanza usimpe kitu. Kama hafungui mdomo usimlazimishe.

Mchanga utoe leo. Tandika magazeti au karatasi nyeupe isiyo na maandishi, uone kila anachotoa.

---

Hadubini

Naongezea upande wa daktari, maana gamba linalobonyea kwenye kobe wa sm 19 si jambo la kumalizia nyumbani. Kwa kitoto cha miezi michache ulaini kidogo ni kawaida. Kwa huyu, mwili umekuwa ukikopa kalsiamu kwenye mifupa ili misuli na moyo vifanye kazi, na gamba ni mfupa.

Mpeleke siku hiyohiyo, usisubiri miadi, ukiona mojawapo: miguu inatetemeka au vidole vinacheza vyenyewe (kalsiamu ya damu imeshuka, anahitaji kalsiamu glukoneti kwa sindano), anavuta pumzi mdomo wazi huku shingo imenyooshwa, povu puani, damu au harufu mbaya chini ya kibamba (kimojawapo cha vipande vinavyofunika gamba). Hilo la pumzi usilichezee. Kobe hana uwezo wa kukohoa vizuri kama sisi, makohozi yakishuka mapafuni yanakaa humohumo.

Asipoonyesha dalili hizo, mpeleke ndani ya wiki ya kwanza, akishapata joto na maji. Omba picha ya eksirei (inaonyesha unene wa mfupa, mawe ya kibofu, mchanga tumboni, na mayai kama ni jike), kipimo cha damu na kipimo cha kinyesi. Kinyesi kipelekwe kibichi.

Kuhusu minyoo: karibu kila kobe anayekula majani ana minyoo midogo ya utumbo mkubwa, na wachache hawamdhuru. Hata fenibendazoli, ambayo ndiyo hutumika kwa kobe, inaweza kubana utengenezaji wa chembe nyeupe za damu kwa mnyama dhaifu. Anenepe kwanza, halafu daktari aamue kwa wingi wa mayai aliyoyaona kwenye hadubini.

Macho usiyapake dawa ya binadamu. Pamba iliyolowa maji ya chumvi ya hospitali (asilimia 0.9), iweke juu ya kope dakika mbili, futa kuelekea puani, usivute kope. Na mtu akikuambia ni upungufu wa vitamini A, akataka kumchoma, uliza ametambuaje. Ugonjwa huo ni wa kasa wa maji baridi wanaolishwa nyama tupu zaidi kuliko wa kobe. Vitamini A ikizidi kwa sindano, ngozi ya shingo na miguu inavuka vipandevipande, na kidonda hicho kinachukua miezi.

Sindano yoyote atakayochomwa, iwe nusu ya mbele ya mwili. Damu ya miguu ya nyuma inaweza kupitia figo kabla ya kuzunguka kwingine.

---

Mwendo_Pole

Ahsanteni sana. Ivermektini nimeirudisha.

Leo siku ya 6. Uzito g 1,215. Macho yako wazi, bado yamezama kidogo. Kile cheupe sasa ni laini, ila juzi kilitoka na punje za mchanga wa kweli, kama nusu kijiko cha chai. Hatetemeki, pua kavu. Daktari ni keshokutwa. Jana alianza kutafuna karatasi, nikampa majani kiasi cha kidole, akala.

Naomba sasa mniambie taa ya aina gani, na chakula kiasi gani. Na mdomo je, nikate kwa mkasi wa kucha?

---

GambaGumu

Mdomo usiuguse. Mkasi wa kucha unapasua ile sehemu ngumu ya mdomo kwa urefu, na ufa ukifika kwenye nyama hatakula kabisa. Daktari ausage kwa kifaa kidogo cha kusagia kinachozunguka, kidogokidogo, pengine mara mbili au tatu kwa kupishanisha wiki kadhaa. Huku nyumbani mkatie majani vipande vya sm 2 ili ashike.

Hizo g 75 ni maji. Usizihesabu kama unene. Endelea kupima kila asubuhi kabla ya beseni, mizani ya jikoni ile ile, andika. Nyama ya kweli huongezeka taratibu, gramu chache kwa siku, na utaiona kwanza kwenye mapaja ya mbele yakijaa pale yanapoingia kwenye gamba.

Chakula: siku 3 hizi mpe kwa siku kiasi cha nusu ya kichwa chake. Siku 3 zinazofuata kiasi cha kichwa kizima. Kisha panda mpaka kufikia siku ya 14 hivi ale anavyotaka. Akirudi nyuma, akalegea baada ya kula, rudi hatua moja na mpigie daktari.

Kobe huyu ni mla nyasi, kama mbuzi mwenye gamba. Robo tatu ya sahani iwe nyasi na majani ya porini yasiyopuliziwa dawa. Nyasi kavu zikatwe fupi na kulowekwa. Robo iliyobaki: majani na maua ya haibiskasi, majani ya mforosadi, vipande vya mpungate vilivyokwanguliwa miiba. Mpungate una maji na kalsiamu nyingi, kwa mgonjwa ni kitu kizuri sana. Nyanya ina fosforasi zaidi ya mara mbili ya kalsiamu, ndizi zaidi ya mara nne, wakati unataka kalsiamu iwe angalau mara mbili ya fosforasi. Spinachi ina kalsiamu kwenye maandishi tu, asidi ya oksaliki inaifunga isitumike. Mkate, wali, chakula cha paka: kamwe.

Unga wa kalsiamu kaboneti usio na fosforasi, pinchi moja kila siku juu ya majani yaliyolowa ili ushike. Lile kopo lako lenye D3 litumie mara moja kwa wiki, si zaidi. D3 ya mdomoni haina breki, ikizidi inagandisha kalsiamu kwenye figo na mishipa. Mtupie pia mfupa wa ngisi, atautafuna mwenyewe.

---

Hadubini

Taa. Ile nyekundu ilikuwa inatoa joto tu. Unahitaji mionzi ya UVB (sehemu ya mwanga wa jua isiyoonekana kwa macho), na taa iliyo nzuri kwa kobe wa nyika ni tyubu ndefu nyembamba, aina ya T5, iliyoandikwa UVB asilimia 10 hadi 12, yenye kiakisi cha kurudisha mwanga chini, ifunike nusu au theluthi mbili ya urefu wa boma. Ining'inie juu yake, sm 30 hadi 40 kutoka mgongoni, kamwe isimulike kutoka ubavuni kwa sababu nyusi zake zimeumbwa kukinga jua la juu. Kioo na plastiki ya kawaida huzuia karibu UVB yote. Wavu wa waya nao hupunguza sana, kwa hiyo taa ikae chini ya wavu. Saa 10 hadi 12 kwa siku. Badilisha kila miezi 12 hata kama inawaka vizuri: mwanga unaouona unabaki, UVB inakuwa imeshafifia.

Taa ya joto na tyubu vikutane sehemu moja. UVB inaanzisha vitamini D kwenye ngozi, lakini joto la ngozi ndilo linalomalizia kuigeuza kuwa D3. Kobe anayepata mionzi akiwa wa baridi anapata nusu kazi.

Jua lenyewe linashinda tyubu yoyote. Akishatembea, mtoe dakika 20 asubuhi kwenye uzio wa waya wenye kivuli nusu. Asitolewe akiwa ndani ya tangi la kioo: dakika chache tu linageuka tanuri.

Mafuta kwenye gamba hayalainishi wala kung'arisha mfupa, yanashika vumbi na kulisha kuvu. Ukiona sehemu inayomomonyoka, osha kwa mswaki laini na klorheksidini (dawa ya kuua vijidudu) ya asilimia 0.05. Ukiwa na chupa ya asilimia 2, ni ml 25 kwa ml 975 za maji. Acha dakika 10, suuza, kausha.

Manundu hayatashuka, usimwahidi mtu. Utakachoona ni mstari mpya mweupe kati ya vibamba, na ukiwa na unyevunyevu wa kutosha huo mpya utaota ukiwa bapa. Gamba kukaza ni suala la miezi, na usiwe unalibonyeza kila siku kujaribu. Mara moja kwa mwezi inatosha.

Nawa mikono kwa sabuni kila ukimshika, beseni lake lisioshewe kwenye sinki la vyombo. Ni kwa sababu ya salmonela, bakteria anayeharisha watu. Na kama una kobe mwingine, wasikutane wala kutumia vyombo vimoja kwa miezi 6.

---

Mwendo_Pole

Nimeelewa. La mwisho: ule mchanga uliotoka, nimpe mafuta kidogo ya kunywa ili uliobaki uteleze?

---

Hadubini

Hapana. Mafuta mdomoni mwa kobe dhaifu yanaingia kwenye njia ya hewa kirahisi, na hayatoki. Beseni la vuguvugu na kutembea ndiyo dawa yake kwa sasa. Kobe wenye njaa ya kalsiamu hula mchanga na mawe, kwa hiyo yaelekea kuna zaidi. Mwambie daktari kabla ya eksirei, apige picha ya kutoka juu na ya ubavuni, kisha hesabu unachookota kwenye karatasi kila siku. Zikipita siku 4 anakula na hatoi kinyesi, rudi naye.